Nani Mwingine Anasoma Kadi ya Mtoto?

Kwa watoto wengi wa Tanzania, mstari wa kwanza ambao serikali inaandika juu yao haumo kwenye cheti cha kuzaliwa. Umo kwenye rejista ya chanjo. Chanjo ya BCG na matone ya kwanza ya polio hutolewa mtoto akiwa mchanga kabisa, wakati mwingine hata jina hajapewa. Cheti kinaweza kusubiri miezi au miaka. Ndiyo sababu RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ilipotaka kuwapata watoto wa chini ya miaka mitano, iliupeleka usajili wa vizazi hukohuko kliniki. Ilijua mama atapita pale.

Mstari huo unabeba mengi kuliko sindano. Una jina la mtoto na la mama, tarehe ya kuzaliwa, kijiji au mtaa, namba ya simu, na tarehe ya kila chanjo: Penta, PCV, Rota, polio, surua-rubela ya miezi 9 na ya miezi 18. Kwa miaka mingi ulikaa kwenye daftari pana la MTUHA, mfumo wa taarifa wa vituo vya afya, kitabu namba 7, ambalo ulinzi wake mkubwa ulikuwa ukubwa wake: hakuna aliyeweza kuondoka nalo kwapani bila kuonekana. Kisha ukaja mpango wa BID, ulioanza 2013 Tanzania na Zambia ukiongozwa na shirika la PATH kwa fedha za Bill & Melinda Gates Foundation. Arusha ukawa mkoa wa kwanza kuingiza watoto kwenye rejista ya kielektroniki ya chanjo, ikafuata Tanga, Kilimanjaro na mikoa mingine. Muuguzi sasa ameshika kishikwambi, na mstari uleule unaweza kusomwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga kituo hicho.

Mjadala ufuatao nimeutunga. Wasemaji watano hawana majina, wana kazi zao tu, na maneno wanayosema ni yangu; sheria, kesi na matukio makubwa wanayoyataja ni ya kweli. Mimi nitaingilia kila uvumilivu utakaponiishia.

MUUGUZI: Wakili, kabla hujaanza na vifungu vyako, njoo ukae na mimi siku moja ya kliniki. Analetwa mtoto wa miezi tisa. Mama kahama kutoka Babati, kadi imelowa mvua, haisomeki. Nampa Penta upya, au namwamini mama anayeniambia "alichomwa, ila sikumbuki mara ngapi"? Mwongozo unasema pasipo maandishi, mhesabu hajachanjwa. Basi anachomwa tena. Kwenye mfumo namtafuta kwa jina la mama, namwona, namalizia kilichobaki. Na mwisho wa mwezi mfumo unanitolea orodha ya watoro wa chanjo. Zamani nilikuwa nafunua ukurasa mmoja mmoja usiku, na kalamu nyekundu mkononi.

WAKILI: Sina ugomvi na orodha, Sista. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Taarifa za afya imeziweka kwenye fungu la taarifa nyeti, na kanuni yake ya jumla ni kwamba hizo hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mhusika. Mama huyu aliridhia lini?

MUUGUZI: Aliponikabidhi kadi.

WAKILI: Alikukabidhi kadi ili mtoto achanjwe.

MUUGUZI: Na kuandika ni sehemu ya kuchanja. Nikichoma bila kuandika nimevunja miiko ya kazi. Tena hiyo sheria yako ina milango, usiifiche: matibabu yenyewe, na pale sheria nyingine inapotaka.

WAKILI: Milango ipo. Ninachouliza ni upana wake.

MAMA: Samahani, naomba na mimi niseme, maana mnanizungumza kama sipo. Sista, siku ya kwanza uliniuliza namba ya simu. Yangu ilikuwa imekufa kioo, nikataja ya baba mtoto. Hukuniambia ni ya kazi gani, na mimi sikuuliza, nyuma yangu kulikuwa na foleni. Baadaye nikaondoka kwake, nikarudi kwa mama yangu Korogwe, mtoto nikawa namchanjia huko. Siku moja nilichelewa. Muuguzi wa Korogwe akafungua mfumo, akaona namba, akapiga. "Mtoto wenu hajaletwa kituoni kwetu." Ndivyo baba yake alivyojua nilipo.

MUUGUZI: Pole, mama.

MAMA: Nimeshapoa. Lakini mkisema ridhaa, mimi sifikirii sindano. Sindano nilikuja nayo moyoni tangu nyumbani.

Hapa ninaingilia. Tazama kilichotokea katika kisa hiki: hakuna aliyekosea kazi yake. Muuguzi wa kwanza alijaza kila kisanduku, wa pili alimfuatilia mtoro kama alivyofundishwa, mfumo ulifanya hasa kile ulichojengewa, yaani kumfuata mtoto kutoka kituo kimoja hadi kingine. Na mama akafikiwa na mtu aliyekuwa anamkimbia. Tukisikia faragha ya mifumo wengi wetu tunawaza mdukuzi aliyejifungia chumbani nchi ya mbali. Wapo. Juni 2023 nchini India kulizuka roboti ya Telegram iliyokuwa ikitoa taarifa za watu waliochanjwa UVIKO-19 kwa kuandikiwa namba ya simu tu. Serikali ikakanusha kwamba hifadhidata yake ya chanjo, CoWIN, ilikuwa imevunjwa. Lakini kwa mwanamke wa Korogwe, mtu wa hatari anaijua namba hiyo kwa sababu ni yake.

MTAALAMU WA TEHAMA: Naomba nitete kazi yangu kidogo. Taarifa zinasimbwa zikisafiri. Hakuna anayeingia bila jina la mtumiaji na nenosiri. Daftari lenu la zamani lilikuwa juu ya meza, kila anayesubiri kupima uzito wa mtoto analisoma kichwa chini miguu juu.

MAMA: Nenosiri la kliniki yetu limeandikwa kwenye plasta, nyuma ya kishikwambi.

MUUGUZI: Mama!

MAMA: Sisemi uongo, Sista.

MUUGUZI: Sikatai. Tuko wanne, kishikwambi kimoja. Mtu akisahau nenosiri lake, wa kulirekebisha yuko wilayani, na siku hiyo tuna watoto sitini. Tunatumia la mmoja. Wewe mdogo wangu wa TEHAMA ungefanyaje?

MTAALAMU WA TEHAMA: Ningefanya hivyohivyo. Ila mjue maana yake. Kwenye kumbukumbu za mfumo, kila faili lililofunguliwa kituoni kwenu limefunguliwa na Sista mmoja, hata siku aliyokuwa likizo.

MTENDAJI WA KATA: Jamani, mimi mnanichosha. Kazi yangu ni watoto wa kata yangu wasife. Mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023 surua iliua watoto Mpimbwe, kule Katavi, tukaambiwa ni kwa kutochanjwa. Sista ana orodha ya watoro. Anipe. Kesho mgambo watakuwa milangoni, na Jumamosi majina yatabandikwa kwenye ubao wa ofisi. Mtaona foleni ya kliniki itakavyofika barabarani.

WAKILI: Mtendaji, hilo lilishajaribiwa kwa jirani. Februari 2015 Rais wa Kenya aliagiza zikusanywe taarifa za watoto wa shule wanaoishi na VVU, walezi wao, na wajawazito na wanaonyonyesha wenye VVU. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: dawa na misaada iwafikie. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda Mahakama Kuu. Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba kukusanya majina kwa namna ile kumekiuka haki ya faragha, Ibara ya 31 ya Katiba yao, na maslahi ya mtoto, Ibara ya 53. Akawaagiza wahusika wayafiche majina kwa misimbo ndani ya siku 45.

MTENDAJI WA KATA: Hiyo ni VVU, na hiyo ni Kenya. Surua haina aibu.

WAKILI: Haina, mpaka jina lako liwe ubaoni. Na kama Kenya iko mbali, Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda maisha ya mtu binafsi na familia yake.

MAMA: Mtendaji, kwa heshima zote. Walioitwa ofisini kwako kwa ajili ya vyoo walitoka na faini. Nikijua daftari la Sista linaishia kwako, mtoto wangu anayefuata sitasema nimekataa chanjo. Nitachelewa tu. Nitasema kadi imepotea. Nitamzalia nyumbani.

MUUGUZI: Anasema kweli, Mtendaji, na mimi ndiye nitakayeonekana sifikii malengo. Naweza kukupa idadi kwa kila kitongoji. Majina nakwenda nayo mimi na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, tunaingia nyumbani kama wageni.

MTENDAJI WA KATA: Na huyo mhudumu si jirani yao? Yeye akijua, kitongoji kizima hakijui?

Swali la Mtendaji ni zuri kuliko pendekezo lake, na hakuna mezani aliyelijibu vizuri. Mhudumu wa jamii ndiye anayeokoa watoto na ndiye anayejua siri za nyumba. Sijui sheria inayoweza kumfanya mtu asijue anachokijua. Inaweza tu kumkataza kukisema, na kumpa sababu ya kuogopa.

Lakini kuhusu orodha nina la kusema, na nalichukua kwenye kampeni za polio, ambazo kwa maoni yangu ni somo bora la faragha tulilonalo, ingawa hakuna aliyeziandaa kwa ajili hiyo. Februari 2022 Malawi ilitangaza kwamba mtoto mmoja wa Lilongwe amepooza kwa virusi vya polio vya porini, vya kwanza Afrika tangu bara litangazwe kuwa huru na virusi hivyo mwaka 2020. Nchi jirani, Tanzania ikiwamo, zikaingia kwenye kampeni ya nyumba kwa nyumba. Wachanjaji walifanyaje kazi? Matone mawili mdomoni, wino kwenye kidole cha mtoto, alama ya chaki mlangoni, kistari kwenye karatasi ya kuhesabia. Jina halikuwa na kazi. Atakayekuja kukagua anaangalia vidole, anajua nani kakosa. Baada ya siku chache wino umefutika na hakuna faili lililobaki la kuibwa, la kuuzwa wala la kuombwa na ofisi nyingine.

Huwezi kuendesha chanjo za kawaida hivyo. Mtoto anayehitaji Penta tatu kwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14 lazima atambulike ni yuleyule, na surua ya pili inahitaji kujua kama ya kwanza ilitolewa. Hapo jina lina kazi. Ila wino unatufundisha kuuliza swali la kwanza ambalo waliochora fomu zetu hawakuliuliza: kila kisanduku hiki kinamfanyia nini mtoto? Namba ya simu inafanya kazi ya kumkumbusha mama. Basi iwe yake, au iwe ya mtu aliyemchagua baada ya kuambiwa itapigwa lini na atakayepokea atasikia nini. Kazi ya mzazi, dini, namba ya NIDA ya baba: fomu ikiwa na visanduku vya namna hiyo, atakayevitaka aje aeleze.

MUUGUZI: Kuna kisanduku kimoja ambacho hata mimi kinaninyima raha, na wewe mwandishi umekiruka. Hali ya VVU ya mama.

WAKILI: Nilikuwa nakisubiri.

MUUGUZI: Nikikifuta, mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU anapita mikononi mwangu wiki ya sita bila kuchukuliwa damu ya kipimo. Nakihitaji pia kwa BCG, maana mtoto mwenye VVU ambaye hajaanza dawa hapewi chanjo hiyo. Kwa hiyo kipo. Kwenye kadi tuliandika kwa msimbo ili jirani asielewe. Ilikuwa siri kwa muda gani? Wanawake wanasoma kadi za wenzao wakisubiri kwenye benchi. Wakishajua namba fulani ina maana gani, msimbo umekuwa tangazo.

MAMA: Kuna mwenzetu aliyekuwa akiifunika kadi yake kwa jalada la daftari la shule. Sisi wote tulijua kwa sababu aliifunika.

MTAALAMU WA TEHAMA: Kwenye mfumo hilo linatibika. Anayechanja aone, anayehesabu asione. Ofisi ya wilaya ione namba za jumla, isione jina lenye safu hiyo pembeni.

WAKILI: Kwa nini haijafanyika?

MTAALAMU WA TEHAMA: Sikusema haijafanyika popote. Nasema ikifanyika, haidumu. Leo natenga nani aone nini. Mwezi ujao barua inakuja kutoka juu: fungueni, tunahitaji kwa ajili ya ripoti. Keshokutwa mfadhili anauliza, mtafiti anauliza. Mimi ni nani wa kuikatalia ofisi iliyoniajiri?

WAKILI: Ndiyo maana ninataka fomu ya ridhaa. Mama akitia saini, ofisi ina mpaka wa maandishi.

MUUGUZI: Wakili msomi, umewahi kuiona fomu ya kurasa tatu kwenye foleni ya akina mama sitini? Watatia saini zote sitini. Wasiojua kusoma wataweka dole gumba. Hutakuta hata mmoja aliyekataa.

WAKILI: Kwa sababu hawajaelimishwa.

MAMA: Hapana, kaka yangu. Kwa sababu tunataka chanjo. Nikikataa karatasi, Sista atanitazama vipi?

Nadhani Mama amelimaliza. Ridhaa ya mtu asiyeweza kusema hapana bila kumkosesha mtoto kinga inamsaidia aliyeiomba kuliko aliyeitoa. Siku taarifa zikivuja, ofisi itatoa kabati lililojaa madole gumba na kusema: waliridhia. Wakili anaiona fomu kama mpaka. Mimi naiona kama risiti inayompa mhudumu haki ya kusahau deni. Kwa hiyo upande wangu ni huu, na najua wakili hataupenda. Kuandika chanjo ya mtoto kwenye rejista ya kituo kusiombewe ridhaa hata kidogo. Iwe wajibu wa sheria, isemwe wazi kwamba ni wajibu, mama aelezwe kwa lugha ya kawaida nini kinaandikwa. Kila kinachotoka nje ya kazi hiyo, awe anakitaka mtafiti, mfadhili, shule, polisi, uhamiaji au Mtendaji wetu huyu, kiwe marufuku mpaka mama aulizwe peke yake, siku nyingine, mahali ambapo jibu la hapana halina gharama. Vilevile kupigiwa simu: hilo ni la kuomba, kwa sababu mtu anaweza kulikataa na bado mtoto akachanjwa.

WAKILI: Umenipokonya fomu ukanipa neno marufuku. Marufuku bila mtu wa kuisimamia ni karatasi nyingine.

Sawa. Na historia iko upande wake. Novemba 2021 Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kuanzia Desemba 21 ambaye hana uthibitisho wa kuchanjwa UVIKO-19 hatapata huduma za serikali ana kwa ana. Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo kabla ya tarehe hiyo. Watu waliokuwa wamejiandikisha ili wapate kinga nusura waone kumbukumbu hiyohiyo ikigeuzwa kibali cha kuingilia ofisi. Hakuna aliyeandika uongo wakati wa kuwasajili. Matumizi yalihama tu.

Kuhama kwa matumizi kulikokithiri kuliko kote ninakokujua kulitokea Abbottabad, Pakistan, mwaka 2011. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilimtumia daktari aliyeendesha chanjo ya homa ya ini B ili kujaribu kupata vinasaba vya watu wa nyumba alimojificha Osama bin Laden. Habari zilipotoka, wachanjaji wa polio wakaanza kutazamwa kama majasusi. Desemba 2012 kadhaa waliuawa kwa risasi. Mei 2014 Ikulu ya Marekani ikaahidi kwa maandishi kwamba CIA haitatumia tena kampeni za chanjo. Na vile virusi vya Lilongwe nilivyovitaja? Uchunguzi wa vinasaba uliviunganisha na virusi vilivyokuwa vikizunguka Pakistan. Siwezi kudai kwamba hila ya Abbottabad ndiyo iliyompoozesha mtoto wa Malawi. Hakuna awezaye kuuchora mstari huo. Ninachosema ni kwamba uaminifu wa mama wa Karachi ni jambo la mama wa Lilongwe na wa Sumbawanga.

MTENDAJI WA KATA: Sasa mmefika Pakistan. Hapa kwetu nani atakuja kuchukua vinasaba?

WAKILI: Usicheke, Mtendaji. Desemba 2025 Kenya na Marekani zilitia saini mkataba wa afya wenye thamani ya mabilioni ya dola. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ya Nairobi ikasimamisha sehemu inayohusu kupeleka nje taarifa za afya za wananchi, mpaka kesi isikilizwe. Aliyelipeleka suala hilo mahakamani ni shirikisho la walaji, watu waliozoea kugombana kuhusu bei za bidhaa. Kwetu sisi mifumo mingi imezaliwa kwa fedha za wafadhili. Fedha zikija na masharti ya kuona, nani anamwakilisha mama kwenye meza ile?

MTAALAMU WA TEHAMA: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo. Rais Samia aliizindua Aprili 2024.

WAKILI: Ipo, na naiombea. Lakini Tume inapokea malalamiko. Mama wa Korogwe amlalamikie nani? Hajui nani alifungua faili lake.

MUUGUZI: Na mtoto je? Tunamsema mama tu. Hawa watoto wanakua.

Swali hilo linasahaulika kwa urahisi, maana mwenye faili hawezi kusema wakati linafunguliwa. Jimbo la Texas, Marekani, lina njia yake: wakati majimbo mengi ya huko humwingiza mtoto kwenye rejista moja kwa moja na kumwachia mzazi haki ya kumtoa, Texas inataka mzazi aridhie kwa maandishi kwanza, na mtoto akifikisha miaka 18 anapaswa kuridhia mwenyewe, la sivyo hatimaye kumbukumbu zake zinaondolewa. Sehemu ya kwanza ya utaratibu huo siitamani, kwa sababu nilizokwisha kuzieleza. Ya pili naitamani. Kwetu msichana anachanjwa HPV, kinga ya saratani ya mlango wa kizazi, akiwa shuleni: mwaka 2018 tulianza na wa miaka 14, na mwaka 2024 tukahamia dozi moja, kwa wa miaka 9 hadi 14. Mzazi hayupo, orodha inatoka kwa mwalimu na inarudi kwa mwalimu, ambaye sasa anajua ni nyumba zipi zilikataa. Msichana huyo akifika miaka 18 hana mahali pa kwenda kuuliza: mliandika nini juu yangu, na nani amekisoma?

MUUGUZI: Mimi nakubali hilo la kuuliza. Sikubali la kufuta. Akifuta, akiwa mjamzito nitamwanzishia pepopunda upya kama mtu asiye na historia.

WAKILI: Basi asifute. Aone. Kila aliyefungua faili: jina, ofisi, tarehe. Mtaalamu, kumbukumbu hizo si umesema zipo?

MTAALAMU WA TEHAMA: Zipo. Kila mguso unaandikwa. Hazisomwi na mtu.

MAMA: Nipeni mimi nizisome.

MTAALAMU WA TEHAMA: Inawezekana. Kila faili likifunguliwa nje ya siku ya kliniki, mfumo unakutumia ujumbe.

MAMA: Kwenye simu ya nani?

MTAALAMU WA TEHAMA: ... Iliyoandikwa kwenye faili.

WAKILI: Hapana, hapana. Isitumwe popote. Mama akija kliniki aombe, achapiwe karatasi, aisome palepale.

MUUGUZI: Na itasema nini hiyo karatasi, Wakili? Kwamba Sista mmoja kafungua faili mara arobaini. Kwanza nipeni nenosiri la kila mmoja wetu, na mtu wa kulirekebisha siku hiyohiyo likisahaulika. Plasta naibandua leo.

WAKILI: Na karatasi?

MUUGUZI: Karatasi sina kinyongo nayo. Printa iko wilayani.